Tende za Jangwani na Mchanga wa Mwala

Tende ni tunda lijulikanalo na kila mtu katika Kenya, ingawa wachache wamepata kuuona mti wake ukizaa. Tangu zamani majahazi ya Ghuba yaliziingiza tende Lamu, Mombasa na Unguja kwa pepo za kaskazi, kisha yakangoja kusi na kurudi kwao yamejaa boriti za mikoko. Siku hizi huja kwa meli kubwa na kufungwa katika maboksi, nazo huuzwa hata katika maduka ya bara, mbali na bahari. Mwezi wa Ramadhani ukikaribia, wanunuzi huwa wengi zaidi, na mwenye duka hasahau kuagiza akiba ya kutosha.

Kwa hiyo si ajabu mkulima wa nchi kavu kama Mwala, katika Machakos, akijiuliza swali hili: Ikiwa mtende huota jangwani, mahali ambapo mvua ni nadra kuliko kwetu, kwa nini usipandwe Masii, Mbiuni, Kibauni au Wamunyu? Na ikiwa watu wa ng'ambo hulipa bei nzuri zaidi kwa tende zilizokuzwa kwa samadi peke yake, bila mbolea ya kiwandani wala dawa za sumu, je, fedha hizo haziwezi kuingia katika mifuko ya Wakamba?

Swali hilo ni la haki, nalo lastahili kujibiwa kwa ukamilifu, maana mkulima anayepanda mti huweka rehani miaka yake mingi. Mahindi yakikosa kuzaa, hasara ni ya msimu mmoja. Mti ukikosa kuzaa, mtu huja kutambua kosa lake baada ya miaka mitano au sita, huku ardhi, samadi na maji yamekwisha kutumika.

MTENDE NI MTI WA NAMNA GANI

Waarabu husema kwamba mtende hutaka miguu majini na kichwa motoni. Maneno hayo machache yaeleza tabia yote ya mti huo. Watu wengi hudhani kuwa mtende hauhitaji maji kwa sababu huota jangwani. La hasha. Huota jangwani pale tu penye chemchemi, mto au maji yaliyo karibu chini ya ardhi, yaani mahali paitwapo oasisi. Hatua chache nje ya bustani hiyo hakuna mtende hata mmoja, ni mchanga na mawe tu.

Kichwa nacho hutaka moto wa kweli. Mtende hautoi maua mpaka joto la kivulini lifike kama digrii 18 za sentigredi, na matunda hayashiki vema mpaka lifike kama digrii 25. Tangu maua yafunguke hadi tunda liive hupita miezi mitano hadi saba, na katika muda huo, hasa mwishoni, hali ya hewa yapasa kuwa kavu. Mvua ikinyesha juu ya tende zinazoiva, hupasuka, huchacha na kuoza zikiwa mtini.

Jambo la tatu ni kwamba mitende imegawanyika kuwa ya kiume na ya kike. Wa kike ndio uzaao, lakini hauzai kitu cha maana usipopata unga wa maua ya kiume. Katika oasisi mkulima hangoji upepo umfanyie kazi hiyo. Hupanda mti mwenyewe, akachukua vishada vya maua ya kiume na kuvifunga kati ya maua ya kike. Mti mmoja wa kiume watosha kwa miti ya kike kama 50.

Hapa ndipo penye mtego kwa mnunuzi wa miche. Kokwa za tende zikipandwa, karibu nusu ya miche itakuwa ya kiume, na hata ile ya kike haitazaa tende za namna ya mama yake. Tena hakuna awezaye kutambua kwa macho kama mche mdogo ni wa kiume au wa kike mpaka utoe maua, baada ya miaka minne, mitano au zaidi. Ndiyo sababu wakulima wa jangwani hupanda machipukizi yatokayo shinani pa mti wa kike unaojulikana sifa zake, au miche iliyokuzwa katika maabara kutokana na mti wa namna hiyo. Atembezaye miche ya kokwa sokoni akiapa kwamba yote ni ya kike, aapa juu ya jambo asilolijua.

SHAMBA LENYE GHOROFA TATU

Katika nchi ya Oman, ambako hata leo Kiswahili husemwa katika nyumba nyingi za watu waliotoka Unguja na bara baada ya mwaka 1964, ukulima wa mitende ni kazi ya maelfu ya miaka. Maji huletwa mashambani kwa mifereji iitwayo falaji. Mingi huanzia chini ya ardhi miguuni pa milima, ikateremka polepole kilomita kadhaa bila mashine yoyote, kwa mteremko wa ardhi tu. Falaji kama 3,000 bado zafanya kazi. Mwaka 2006 shirika la UNESCO liliziingiza tano kati yake katika orodha ya urithi wa dunia, mojawapo ikiwa ni Falaji Daris ya Nizwa.

Maji ya falaji hayana mwenyewe mmoja. Kwanza hupita mahali pa kuteka maji ya kunywa, kisha penye kuoga na kufulia, ndipo yaende mashambani. Huko kila mtu ana fungu lake, nalo hupimwa kwa muda. Zamani mchana ulipimwa kwa kivuli cha kijiti na usiku kwa nyota. Siku hizi saa ya mkononi hutumika. Baadhi ya mafungu huuzwa kwa mnada, na fedha zipatikanazo hutumiwa kuusafisha na kuutengeneza mfereji. Mtu akichukua maji kupita fungu lake, hamwibii jirani mmoja, bali kijiji kizima.

Shamba lenyewe hujengwa kama nyumba ya ghorofa. Juu kabisa ni mitende, ambayo huzuia jua kali na upepo wa moto. Chini ya kivuli chake hupandwa miti ya wastani, kama mindimu, mikomamanga, mitini na miembe. Chini zaidi hupandwa majani ya mifugo, vitunguu, ngano na mboga. Maji yale yale hunywesha ghorofa zote tatu. Majani ya chini huliwa na mbuzi na ng'ombe, mbuzi na ng'ombe hutoa samadi, na samadi hurudi shinani pa mitende. Makuti hujengea zeriba na kufumia vikapu, na kokwa hulishwa wanyama.

Huo ndio kilimo kiitwacho leo kilimo hai, ijapokuwa mababu wa watu wale hawakukipa jina. Walikifanya kwa sababu hawakuwa na njia nyingine.

TAABU ZA HUKO JANGWANI

Haifai mtu adhani kwamba wakulima wa oasisi wanakaa raha mustarehe. Taabu zao ni nyingi, na zafaa kujulikana na yeyote atakaye kuwaiga.

Ya kwanza ni chumvi. Maji yakimwagwa siku zote juu ya ardhi isiyo na njia ya kuyatoa, jua huyakausha na kuiacha chumvi juu ya udongo. Mtende huvumilia chumvi kuliko miti mingi ya matunda, lakini mazao ya chini yake hufa kwanza, na ghorofa moja ikianguka, nyingine nazo hudhoofika.

Ya pili ni wadudu. Fukusi mwekundu wa mitende, ambaye kwao ni nchi za kusini mwa Asia, aliingia katika nchi za Ghuba katika miaka ya 1980. Funza wake hula ndani ya shina, na mara nyingi mwenye shamba hatambui mpaka mti umekwisha kuoza moyo. Alisafiri kutoka nchi hata nchi hasa ndani ya machipukizi yaliyohamishwa na watu. Mkulima wa kilimo hai hapigi sumu. Hutega mitego yenye harufu imvutayo mdudu, hukagua miti yake mara kwa mara, na mti ulioharibika sana huukatakata na kuuteketeza.

Ya tatu ni maradhi. Huko Moroko, ugonjwa uitwao bayoud, uletwao na ukungu uliomo katika udongo, ulianza kuonekana katika bonde la Draa katika karne ya 19. Katika muda wa miaka kama 100 uliua zaidi ya mitende milioni 10, tena ulivuka mpaka kuingia Aljeria. Hakuna dawa ya kuuponya mti ulioshikwa. Kinga iliyopo ni kupanda namna za mitende zisizoshikwa upesi, na kutohamisha miche wala udongo kutoka mahali penye ugonjwa.

Ya nne ni watu wenyewe. Mtende hupandwa mara nyingi kwa mwaka, kwa kuusafisha, kuupa unga wa kiume, kupunguza vishada, kuvifunika na kuvuna. Kazi hiyo ni ya hatari, na vijana wengi wameiacha wakaenda mijini kutafuta mishahara. Shamba lililoachwa na vijana hukauka hata kama maji yapo.

Pamoja na hayo, faida ipo. Tende zikikaushwa vizuri hukaa miezi mingi bila kuoza, kwa hiyo mkulima halazimiki kuuza siku ile ile ya mavuno kwa bei yoyote atakayopewa. Huko Tunisia wakulima wa oasisi huuza Ulaya tende zao zenye hati ya kilimo hai, na mnunuzi wa huko yu tayari kulipa zaidi akihakikishiwa kwamba hazikuguswa na sumu.

JE, MTENDE UTAZAA MWALA?

Sasa na turudi Mwala. Nchi hii ina majira mawili ya mvua: masika ya Machi hadi Mei, na vuli ya Oktoba hadi Disemba, ambayo kwa Ukambani ndiyo ya kutegemewa zaidi. Kati yake kuna kiangazi kirefu cha Juni hadi mwanzo wa Oktoba, na kingine kifupi cha Januari na Februari.

Mtu akilinganisha kalenda hiyo na mahitaji ya mtende, ataona tatizo mara moja. Kiangazi kirefu cha Mwala si cha moto. Julai na Agosti ni miezi ya mawingu na baridi ya asubuhi, wakati ambapo watu huvaa makoti. Kiangazi cha moto, yaani Januari na Februari, ni kifupi mno. Tende haziwezi kutoka ua hata kuiva katika miezi miwili. Vyovyote vile, katika ile miezi mitano hadi saba mvua moja au nyingine itazikuta mtini. Mti wenyewe waweza kuota na kupendeza macho, lakini mkulima hali uzuri wa makuti.

Katika Kenya, nchi zifaazo tende ni zile zenye joto kali na mvua haba, ambazo zina mto au visima karibu: Turkana kando ya mto Turkwel, Mandera kando ya mto Daua, na baadhi ya sehemu za Garissa na Wajir. Huko mitende ipo na huzaa. Mwenye ndugu au ardhi huko ana neno la kufikiri, ila asilete machipukizi kutoka nchi za nje kwa njia za magendo. Yamjuzu apate kwanza idhini ya KEPHIS, idara ikaguayo afya ya mimea, maana ndani ya chipukizi moja fukusi mwekundu aweza kuvuka bahari.

Wakamba, hata hivyo, si wageni wa jamii ya mtende. Mkindu, ambao ni ndugu yake wa mwituni, huota penye maji katika nchi yao tangu zamani, na mji wa Makindu umepata jina lake kutokana na miti hiyo. Mkindu hauna tende za kuuza, lakini makuti yake ni malighafi ya mikeka na vikapu. Tena palipo na mikindu, mzee wa Kikamba hujua kwamba maji hayako mbali.

NCHI ILIYOKARIBIA KUWA JANGWA

Ikiwa tende zenyewe hazifai Mwala, je, habari hizi zote za Oman na Moroko zina faida gani? Faida ni kubwa. Jambo la kuiga si mti, bali ni namna ya kulima.

Mwaka 1937 afisa wa kilimo Colin Maher aliandika kwamba nchi ya Machakos ilikuwa ikigeuka jangwa la mawe na mchanga, na wenyeji wake wakielekea ufukara. Serikali ya wakati ule iliona dawa ni kupunguza ng'ombe kwa nguvu. Mwaka 1938 watu waliongozwa na Muindi Mbingu kwenda Nairobi kudai mifugo yao, wakakaa huko majuma kadhaa. Muindi alihamishiwa Lamu, lakini amri ile ya kunyang'anya ng'ombe ilikoma. Watu hawakukataa kuitunza ardhi. Walikataa kunyang'anywa mali. Baadaye, walipoona wenyewe faida ya makinga maji, waliyachimba kwa hiari katika vikundi vya mwethya, wanawake wakiwa mstari wa mbele. Walichimba mtaro na kutupa udongo upande wa juu, na namna hiyo yajulikana sasa katika nchi nyingi za Afrika kwa jina lake la Kiswahili: fanya juu.

Matokeo yake yaliwashangaza wataalamu. Katika miaka ya 1930 mwanzoni, wilaya ya Machakos ya zamani ilikuwa na watu kama 240,000. Kufika mwaka 1990 walikuwa karibu 1,400,000. Mary Tiffen, Michael Mortimore na Francis Gichuki, katika kitabu walichokitoa mwaka 1994, walionyesha kwamba watu waliongezeka zaidi ya mara tano, na bado mmomonyoko wa udongo ulipungua na mazao kwa kila mtu yakaongezeka. Jangwa lililotabiriwa halikuja, kwa sababu watu walilizuia kwa majembe.

OASISI ILIYOFICHWA CHINI YA MCHANGA

Mwala haina falaji, lakini ina kitu kinachofanana nayo. Mito mingi ya Ukambani ni ya msimu. Mvua ikinyesha hufurika kwa saa chache, kisha hubaki njia ya mchanga mweupe. Mgeni huona mto uliokufa. Mama mwenye mtungi na punda ajua kwamba akichimba katika mchanga huo atapata maji.

Maarifa hayo ndiyo yaliyozaa bwawa la mchanga. Ukuta wa mawe na saruji hujengwa kukata mto mahali penye mwamba. Mafuriko huleta mchanga, mchanga hujaa nyuma ya ukuta, na maji hukaa ndani ya mchanga. Mchanga mnene waweza kubeba maji kufikia asilimia 40 ya ujazo wake. Jua haliyakaushi upesi kama lifanyavyo bwawa la wazi, mbu hawazai humo, na maji huchujwa yanapopita kati ya chembe za mchanga. Zaidi ya hayo, maji hupenya kando ya mto, na visima vya jirani huinuka. Kutoka Kola, katika Machakos, Joshua Mukusya na wenzake walianza mwaka 1978 kazi ya Utooni, ambayo imewasaidia wanavijiji kujenga mabwawa mengi ya namna hiyo kwa mikono yao. Wageni kutoka nchi za mbali wamekuja kujifunza.

Kando ya bwawa kama hilo, mkulima wa Mwala aweza kujenga shamba la ghorofa kama lile la Oman. Juu badala ya mtende apande mwembe. Na hapa ndipo mtu aone hekima ya kuchagua mti kwa kufuata nchi: ule ubaridi mkavu wa Juni hadi Agosti unaomzuia mtende ndio uamshao maua ya mwembe. Maua hutoka wakati wa ukavu, na maembe huvunwa kuanzia Novemba au Disemba hata Machi. Mwembe uliobebeshwa, wa namna ya Apple, Kent au Tommy Atkins, huanza kuzaa baada ya miaka mitatu hadi mitano.

Katika ghorofa ya kati apande mipapai na mindimu, na mbaazi, ambazo mizizi yake huenda chini sana na majani yake hurutubisha udongo. Chini apande pojo na kunde, na kwenye kingo za makinga maji majani ya mifugo, ambayo huzuia udongo na kulisha ng'ombe kwa wakati mmoja. Shimo la mwembe liwe na futi mbili kila upande. Udongo wa juu utengwe na ule wa chini, kisha huo wa juu uchanganywe na madebe mawili ya samadi iliyooza vizuri na kurudishwa shimoni. Samadi iliyoachwa juani hupoteza nguvu zake. Yafaa irundikwe kivulini na kufunikwa. Katika nchi kavu samadi si chakula cha mti tu, bali ni sifongo ishikayo maji.

NZI WA MATUNDA NA NJIA ZA KUMPIGA

Adui mkubwa wa maembe ni nzi wa matunda aliyetoka Asia, ambaye alionekana Kenya mara ya kwanza mwaka 2003. Jike hutoboa ngozi ya tunda na kutaga ndani, na funza huoza embe kabla halijafika sokoni. Kwa sababu ya nzi huyo, mwaka 2014 Kenya ilijizuia yenyewe kupeleka maembe katika soko la Ulaya, na wakulima wengi walipata hasara.

Kumpiga nzi huyu kwa sumu peke yake hakumalizi kazi, maana funza amejificha ndani ya tunda. Wataalamu wa icipe, taasisi ya wadudu iliyoanzishwa na Profesa Thomas Odhiambo mwaka 1970, wamefundisha njia nyingine ambazo hufaa kilimo hai: kutega mitego yenye harufu ivutayo madume, kutumia chambo cha chakula, na kumleta nyigu mdogo atagaye ndani ya mayai ya nzi. Siafu wa miti waitwao maji moto nao hufukuza nzi, ingawa huwauma wavunaji. Lakini njia iliyo rahisi kuliko zote haitaki fedha: kuokota kila siku maembe yaliyoanguka na kuyafukia chini sana, au kuyafunga katika mfuko mweusi na kuuanika juani. Njia hiyo ina sharti moja. Majirani wote wafanye hivyo. Mkulima mmoja akiyaacha yaliyooza chini ya mti wake, huwafugia nzi wenzake wote. Ni sawa na yule mwizi wa maji ya falaji.

HABARI YA SOKO

Mkulima wa embe hana bahati ya mkulima wa tende: embe haliwezi kungoja. Mavuno yakija kwa pamoja, mchuuzi mwenye lori hutaja bei apendayo, na mwenye shamba hukubali kwa hofu ya kuoza. Dawa ya jambo hilo ni mbili. Ya kwanza ni kukausha. Embe lililokatwa vipande na kukaushwa safi katika kikaushio cha jua hugeuka kuwa kama tende, kwa maana linaweza kungoja bei. Ya pili ni kuuza kwa chama.

Kuhusu hati ya kilimo hai, mwaka 2007 nchi za Afrika Mashariki zilikubaliana juu ya kanuni moja na alama moja iitwayo Kilimohai. Kwa soko la hapa nchini, vikundi vya wakulima vyaweza kukaguana vyenyewe kwa utaratibu uliowekwa, na gharama yake ni ndogo. Kwa soko la Ulaya, mkaguzi wa nje hutakiwa, na mazao ya miti hayapewi jina la kilimo hai mpaka shamba limekaa miaka mitatu bila vitu vilivyokatazwa. Gharama hiyo haiwezekani kwa mtu mmoja mwenye miti 20, lakini wakulima 100 waliojiunga na kuweka daftari zao sawasawa wanaweza. Karani mwenye hati nzuri na mkulima mwenye jembe zuri wanahitajiana katika kazi hii.

MCHANGA KUUZWA AU KUTUNZWA

Limebaki neno moja, nalo ndilo zito kuliko yote. Mchanga wa mito ya Machakos na Makueni unatakiwa sana Nairobi kwa ujenzi. Lori likija, fedha hulipwa siku ile ile. Kijana asiye na kazi apewaye koleo hawezi kulaumiwa kwa kutamani ujira. Lakini yafaa hesabu ifanywe hadi mwisho. Mchanga ukiisha, mwamba hubaki uchi. Mvua ikija, maji hupita mbio bila kusimama, kingo za mto huporomoka, visima hukauka, na akina mama huanza tena kutembea saa nyingi kutafuta maji. Bwawa la mchanga lisilo na mchanga ni ukuta tu.

Makueni ilitunga sheria yake ya kuhifadhi mchanga mwaka 2015, baada ya kuona madhara hayo. Sheria ni jambo jema, lakini askari hawezi kulala kando ya kila mto. Watu wa Oman hawakungoja askari kulinda falaji zao. Walikubaliana wao kwa wao kwamba anayeharibu mfereji amewaharibia wote, nao hulipia utengenezaji kwa mafungu yao. Mwethya uliochimba makinga maji waweza pia kulinda mchanga.

Kujifunza kwa watu wa mbali si jambo jipya kwa Mwala. Mutisya Munge wa Wamunyu alijifunza kuchonga sanamu huko Tanganyika wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Alirudi kwao na maarifa tu, akatumia mti wa kwao, na vinyago vya Wakamba vikajulikana dunia nzima. Vivyo hivyo, mkulima asilete mtende. Alete maarifa ya mwenye mtende.

Mvua za vuli huanza Oktoba. Mashimo ya miche yachimbwe na kujazwa samadi kabla ya hapo, makinga maji yasafishwe, na miche inunuliwe kwa mtu anayejulikana. Kila kikundi kilicho kando ya mto na kikutane kabla ya mafuriko kuamua juu ya mchanga wake, maana ukishapakiwa katika lori haurudi.